Nyumba ya Mafiga na Nyumba ya Kinole

Jumanne, 5 Machi 1912

Arobaini ya Bernadeta leo. Padri hataki tuhesabu, lakini nimehesabu. Mke wangu alikaa kwenye nyumba hii mpya siku hamsini na tatu, halafu kifua kikamwua. Kule Kinole, kwenye nyumba ya udongo, tulikaa miaka kumi na miwili na sikumwona akilala kitandani mchana.

Leo nimepima unyevu chumbani. Umepanda ukutani shibiri moja kutoka sakafuni. Masika yenyewe hata hayajaanza vizuri!

Mwanangu Modesta amekohoa asubuhi. Ana miaka sita. Nimemwambia anywe uji wa moto. Ni vumbi tu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua siku ya nne. Unyevu shibiri moja na vidole vinne. Chokaa inabanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua.

Si vumbi. Usiku amekohoa mpaka akatapika.

Basi niandike, maana hakuna wa kumwambia. Mimi fundi. Nilianza kwa kubeba mawe ya reli kichwani, nikajifunza kuchonga, nikajifunza kujenga, mpaka wakanipa kazi ya stesheni. Najua tofali linataka moto siku saba. Haya yangu, elfu sita na mia nne, niliyachoma siku nne. Kuni zilikuwa mbichi, mawingu yalikuwa yanakuja, na mimi nilitaka Noeli inikute chini ya bati. Ukiligonga tofali langu halilii. Linasema pu, kama boga.

Na msingi! Kinole nilibeba mawe ya mtoni miezi miwili, nikachimba mfereji juu ya nyumba ili maji ya mlimani yapite pembeni. Nguzo za mninga nilikata mwezi ukiwa gizani, kama walivyoniagiza wazee wa pale, na mpaka leo mdudu hajazigusa. Huku Mafiga nilisema tambarare haina haja ya mfereji. Fundi mzima!

Kwa nini haraka? Kwa sababu Kinole ni ardhi ya ukoo wa mke. Nilijenga kwa mikono yangu na bado ni yao. Mwanamume kwetu Uluguru hujenga kwa mkewe, na mke akifa, mume hukunja mkeka wake akaondoka. Nilitaka nyumba moja duniani ambayo hakuna mtu atakayesimama mlangoni aniambie toka.

Bernadeta aliomba kitu kimoja tu, jiko liwe ndani. Alisema nyumba isiyo na moto ndani haikauki. Nilimwambia moshi utachafua chokaa, tena watu wa stesheni wote wanapikia nje. Hakuniomba tena.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji Severini ameshuka kutoka Kinole, kaka mkubwa wa marehemu. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akatazama juu, mabati ishirini na mawili.

– Shemeji, hii nyumba au stesheni? Treni inapita saa ngapi?

Nikamwambia aketi anywe maji. Akaweka kiganja ukutani, akakitoa kimelowa, akajipangusa kwenye kanzu yangu iliyoanikwa. Makusudi kabisa.

Akasema amekuja kumchukua mtoto. Modesta ni wa ukoo wa mama yake, mama hayupo, bibi yake yupo. Bibi Kristina sasa ndiye anayeishi kwenye nyumba yetu ya Kinole, toka tulipohama.

Nikasema mtoto ana baba. Akasema, anaye, na huyo baba amemwekea kitanda kisimani.

Nilimfukuza. Mimi! Nimemfukuza mjomba wa mtoto mlangoni kwangu. Modesta alilia, "Mjomba, ngoja!" mpaka kikohozi kikamkata.

Jumanne, 19 Machi

Jirani Yunusi, muuza chumvi, ana kibanda cha udongo mwaka wa tisa, kikavu kama biskuti. Ameniambia, "Fundi, acha aibu. Washa moto ndani."

Nimewasha, mafiga matatu katikati ya chumba. Moshi haukupata pa kutokea. Mvuke ulipanda, ukakutana na bati baridi, ukarudi matone. Juu ya kitanda, juu ya blanketi, juu ya uso wa mtoto. Kule Kinole nyasi za paa zinakunywa moshi na kuupitisha taratibu. Bati halinywi kitu.

Nimezima. Nimemkausha kwa kanga ya mama yake. Mwili unawaka.

Alhamisi, 28 Machi

Niko Kinole. Nimembeba Modesta mgongoni mwendo wa kutwa, utelezi mtupu. Kazi nimeiacha bila kuaga. Uzito wake ulikuwa mdogo sana. Mfuko wa simenti unanilemea kuliko yule.

Severini alinipokea mtoto njiani. Akamfunika, akatangulia mbele. Heri angenitukana.

Nyumba iko vilevile. Mvua inamwagika na mfereji wangu unaibeba. Bibi Kristina alikuwa mlangoni, nikageuza uso, nikachutama pembeni ya njia, nikamwamkia kwa mbali kama inavyopasa mkwe. Akaitikia, "Marahaba, baba. Pole na safari." Wakaingia na mtoto.

Mimi siingii. Pale anapolala mama mkwe mkwewe hakanyagi. Nimepewa kibanda cha mbuzi upande wa chini. Nyumba nimeijenga mimi, kila fito najua nilikoikata, na mlangoni naishia.

Jumamosi, 30 Machi

Mchana. Naandika barazani, chini ya paa, daftari limelowa pembe.

Asubuhi walisema amekunywa uji. Jana walisema homa imeshuka. Ya homa leo hawajasema.

Severini amepita na fimbo, ameelekea misheni. Nikamwuliza, unakwenda wapi na mvua hii? Akasema kumwita padri. Nikauliza padri wa nini. Akafunga kitambaa chake kichwani, akafunga tena. "Kaa hapo, shemeji," akasema. Ni mara ya kwanza anazungumza nami kwa upole. Sikuupenda.

Nimeita mlangoni, nikiwa nimegeuka:

– Mama, mtoto vipi?

– Yupo, baba.

Yupo. Basi. Nikasema, mama, naomba nimwone. Halafu akasema, "Subiri kaka yake Bernadeta arudi." Misheni ni saa tatu kwenda, tatu kurudi.

Mafiga kuta ni tofali moja, na juu ni wazi mpaka kwenye bati. Modesta akigeuka kitandani nilimsikia niko uani. Nilikuwa nachukia. Hapa ukuta ni shibiri mbili na nusu. Fito mbili mbili, mawe katikati, udongo niliukanyaga kwa miguu siku tisa, na Bernadeta akaupiga lipu kwa mkono wake nje na ndani. Una joto. Nimeegemea, mgongo wangu umekauka. Mtoto akiwa na nafasi yoyote duniani, iko ndani ya ukuta huu.

Nimeweka sikio. Sikusikia kitu. Labda amelala. Labda anakohoa sasa hivi na ukuta unameza.

Nimeizunguka nyumba yote polepole, hatua thelathini na moja, nikipapasa kwa vidole upande wa kitanda chake. Masika kumi na tatu yameipiga. Natafuta ufa nimsikie, hata wa kupitisha unyasi.

Nimezunguka mara ya pili. Hakuna.