Kibati cha Baba

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na shemeji na hao watundu wenu. Goti limepoa? Usinidanganye limepoa huku ngazi unapanda kwa kushikwa mkono. Mimi mwili ni mzima, nashukuru; moyo ndio mgonjwa.

Jana nilikwenda mjini kwetu kutembea tu, nikazunguka tangu asubuhi bila haraka. Dada, hakuna anayevua tena! Kiwanda cha barafu kimekuwa hoteli, na kwenye banda la kushonea nyavu wanauza kahawa kwa bei ya kukutoa roho. Nilikunywa hivyo hivyo, pale pale alipokuwa akikaa Baba, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ofisi ya bandari wameifanya makumbusho. Ule ubao bado uko ukutani, kila mvuvi na kibati chake: upande mwekundu yuko baharini, mweupe amerudi. Na anayewaeleza wageni ni nani? Mlinzi yule yule, Bwana Vibati, mgongo umepinda. Hakunitambua.

Aliwaambia kwamba jioni moja aliona vibati vyote vyeupe, akafunga lango akaenda kula. Kumbe mtu mmoja alikuwa bado majini, na boti ya uokoaji haikutoka mpaka asubuhi. Alisema miaka thelathini na tano anajiuliza alikigeuza saa ngapi kile kibati, maana hakumbuki. Mgeni mmoja akamwomba asijilaumu. Akajibu kwamba binti mkubwa wa marehemu alimwita muuaji mbele ya jeneza, naye hakuwa na la kubisha.

Dada, kaa chini kwanza. Nilikigeuza mimi. Mama alikuwa akilia dirishani, nami kwa akili yangu ya miaka saba nilidhani kikiwa cheupe Baba atarudi. Nikakimbilia ofisi ya bandari, na mlinzi alipotoka kuwasha taa, nikapanda juu ya ndoo. Ukamlaani yule mzee, nikanyamaza. Na jana nikanyamaza tena, nikatoka mbio kama mwizi.

Jumamosi narudi kumwambia. Nimeogopa kukuandikia wewe kuliko kumkabili yeye, kwa sababu yeye atapumua, na wewe je? Ukinichukia sitakulaumu. Ila neno lile ulilitamka wewe, dada. Tafadhali, twende wote.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Usiwaambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Kifaranga wa Baba