Aliyekaa Kati Yetu

Selma, Alabama

Dada yangu Verdell,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko Detroit. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, na mimi mzima kupita kiasi: tangu Jumanne natembea kama niliyemeza mlingoti.

Keti kwanza. Renita wetu ameshinda! Mtihani wa kuingia chuo cha sheria ameupiga mweleka, na chuo kimemwita. Yule Oletha wa kwaya, aliyesema mtoto wa mpishi wa shule kama mimi ataishia kukaanga kuku, nilimsomea barua ya chuo mlangoni mwa kanisa. Akanipongeza, eti hongera mama wakili, ila nishushe sauti, watu wanasali. Sikushusha.

Lakini tulitaabika, dada. Mara ya kwanza aliangushwa na mafumbo ya kupanga watu foleni. Unapewa watu saba na masharti, huyu katangulia yule, yule si wa mwisho, nawe useme nani yuko wapi. Akikosa tena, mwaka huu basi. Jioni moja akatupa penseli kwenye sinki langu la vyombo, akasema yeye mjinga, nimwache. Nikamwambia mjinga ni hilo sinki linalomeza penseli, yeye aniambie kinachomshinda. Akasema akisoma tu kwamba fulani yuko kabla ya fulani, mkono wake unawaweka jirani, kumbe fumbo halikusema hivyo.

Nikamwambia basi apange watu anaowajua. Akaandika kwamba mama mkubwa Verdell alizaliwa kabla ya mama, akatuweka bega kwa bega, wewe wa kwanza, mimi wa pili.

Hapo, dada, ndipo nilipovunja ahadi tuliyompa Mama. Nilimwambia kati yetu alikuwepo Cleo. Kwamba alipenda kuimba ndani ya ndoo ya kufulia apate mwangwi, kwamba hakufikia umri wa kwenda shule, na kwamba Mama hakuweza tena kusikia jina lake likitajwa. Mtoto alilia. Kisha akaniambia, mama, kumbe neno "kabla" lina nafasi ndani yake. Siku ya mtihani, kila alipolikuta aliacha pengo la Cleo. Mafumbo hayo hakukosa hata moja!

Usinikasirikie. Jumapili ya mwisho wa mwezi kanisa linamwombea. Panda basi uje. Benchi la mbele ni letu, na Renita kasema kati yako na mimi asikae mtu.

Msalimie shemeji Roscoe, mwambie goti lako halikandwi kwa maneno.

Mdogo wako, wa tatu kuzaliwa,
Earline