Masaa Matano ya Kwenye Simu Yako

Muscat, Jumapili

Kaka Lomayani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama, Mungu amrehemu, alitulea hivyo. Ningeufuata moyo wangu ningekupita kimya. Hapo Nduruma mmeamkaje? Baba anakula? Mimi ni mzima, nimesharudi jikoni hotelini tangu Jumatano, namenya vitunguu na machozi yanapata kisingizio.

Pale nyumbani nilinyamaza kwa ajili ya baba. Sasa sinyamazi.

Nani alikuambia njia ya ndege inapimwa kwa kamba kama shamba? Uliiuliza simu yako, Muscat hadi Kilimanjaro, ikasema masaa matano. Basi, ukatangaza: baba atawabariki watoto wake wote Jumamosi mchana, Nembris anaondoka Ijumaa jioni, atawahi. Nilikuambia, kaka, hakuna ndege ya moja kwa moja! Nilipelekwa Doha kwanza, yaani nikageuzia nyumbani mgongo, nikakalia viti vya chuma hadi makalio yakafa ganzi nikisubiri ndege ya pili. "Acha kujikweza," ndivyo ulivyonijibu. Kujikweza kwa lipi?

Nikakupigia kutoka kule nikakusihi mnisubiri hadi jioni. Ukaweka simu kwa sauti kubwa, mchungaji yupo, wajomba wapo: "Ndege ni masaa matano, huyu katoka jana. Muulizeni kalala wapi!" Watu wakacheka. Mimi, dada yako wa tumbo moja! Huna haya hata kidogo.

Na hilo ningelimeza. Lakini kumkalisha mkeo kwenye kigoda changu, eti mstari wa watoto usiwe na pengo! Unajua baba haoni tena. Akaweka mkono juu ya kichwa cha wifi, akakitemea mate ya baraka, akataja jina langu.

Mama mdogo alininong'oneza yote getini nilipofika, watu wakiwa wanaosha masufuria. Hata hivyo nilikwenda nikapiga magoti mbele ya baba. Akanipapasa usoni, akashangaa.

"Nembris, si nimeshakubariki mchana?"

Nikakutazama. Wewe ukainama kufunga kamba za viatu. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Sikutaka kumvunja moyo mzee mbele ya watu. Lakini ndiyo ile ilikuwa uongo, na wewe ndiye uliyenisemesha. Samahani zako sizitaki, kaa nazo. Nenda kwa baba, ukae chini, umwambie kichwa kile kilikuwa cha nani. Likizo yangu ni mwakani. Atakuwepo mwakani? Wewe hodari wa kupima masaa, nipimie hilo.

Mama mdogo msalimie sana, mwambie kitenge alichonitilia kwenye begi nimekiona. Wifi naye msalimie. Simlaumu, aliitwa akakaa. Baba usimpe salamu zangu mpaka umwambie.

Ni mimi kitinda mimba wenu, ambaye bado hajabarikiwa,

Nembris