Gesi, Mkono na Mayai ya Panya

Ijumaa, Bujumbura. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani kabisa. Shajara, leo nina furaha inayonitia hofu kidogo, ndiyo maana nimekimbilia kwenye kibanda cha intaneti kabla gari za kurudi kwetu Musaga hazijaisha.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu ya kumalizia chuo: nawadunga panya wa labo homoni ili watoe mayai mengi, nachukua mayai hayo, nayarutubisha kwenye kisahani, naangalia kama viinitete vinakua. Vilikuwa havikui. Mayai yalitoka yamesinyaa, na yale machache yaliyorutubika yalikataa kugawanyika.

Bwana Deo, asistanti anayenisimamia, alishachoka na mimi. "Andika ni umeme," aliniambia. "Frigo inazima kila siku, homoni zimeharibika. Ni vita, Zuhura. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Hapa kwetu vita imeshabebeshwa kila kitu, mpaka mkate usioumuka.

Lakini mi sikuamini. Homoni zingekuwa zimeharibika, panya wasingetoa mayai mengi vile. Mayai yalikuwepo, ila mabovu. Ndipo nikaanza kuangalia namna ninavyowaua.

Maana panya lazima afe kwanza ndipo mayai yatolewe. Nilikuwa natumia gesi, kutoka mtungi tuliopewa na kiwanda cha soda. Na kwa sababu barabara ya Musaga inafungwa mapema, niliwatia wote kwenye sanduku kwa pamoja, halafu nikawapasua mmoja mmoja huku jicho liko kwenye saa. Wa mwisho alikuwa amelala pale muda mrefu, mayai yanapoa ndani yake. Wiki jana niliacha haraka hiyo, nikaua mmoja, nikapasua, ndipo nikamchukua mwingine. Ikawa afadhali, lakini kidogo tu.

Ikabaki gesi yenyewe. Inaua polepole. Panya anahangaika kutafuta hewa, na mayai yake yanaikosa pamoja naye.

Kuna njia nyingine: kuvunja shingo kwa mkono, mara moja, basi. Bwana Deo alitaka kunifundisha zamani, nikakataa.

Niseme ukweli. Gesi niliipenda kwa sababu unafunika sanduku na kugeuza uso. Tangu utotoni nimeona maiti kwenye barabara yetu, nikajiapia kwamba mkono wangu hautaua kitu.

Mama naye hakunisaidia. Nilipomweleza ninachotaka kufanya, aliacha kupepeta mchele. "Mu muji hii batu banauana, na we mutoto wangu unaenda kujifunza kuua na mukono?" Nilienda kuchota maji.

Jana nilifanya. Nusu kwa gesi, nusu kwa mkono, homoni zilezile, mmoja mmoja wote. Bwana Deo alinionyesha pa kushika, nikasema bismillah. Wa kwanza alikufa kabla sijamaliza kuogopa. Hakuhangaika hata kidogo.

Nililia, ndiyo. Halafu nikamchukua wa pili.

Usiku kucha jenereta ya chuo haikuzima, alhamdulillah. Leo asubuhi nilitoa visahani kwenye kabati la joto nikaviweka chini ya mikroskopi. Viinitete vya gesi vilikuwa kama siku zote, vichache tu vimegawanyika. Vya mkono, karibu vyote: seli mbili mbili, za duara, safi. Nilimwita Bwana Deo. Aliinama pale mpaka nikadhani amesinzia.

"Mara moja haitoshi," akasema. "Utarudia, tena na tena. Na juri wa mtihani wako watakuuliza kwa nini ulikaa na gesi mwaka mzima. We utawaambia nini? Umeme ilikuwa rahisi."

Ni kweli. Nikiandika umeme, mwezi ujao nina diploma, na Mama analala vizuri. Nikiandika hili, narudia mpaka kiangazi, na ni mkono huu utakaoua, panya baada ya panya, huku wenzangu wanaondoka mji huu na vyeti vyao mfukoni.

Nimeshamwambia Bwana Deo kwamba narudia. Jumatatu naanza.

Na juri wakiniuliza, nitawajibu vile vile ilivyokuwa: niliogopa kuangalia, na panya wakalipa kwa pumzi zao. Sasa naangalia.