Waya Mbili za Boksi la Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Wote wanaihadithia vibaya. Wa kwanza ni muuza chai wa nje ya gereji. Eti mzee aliunguza boksi halafu akajificha chooni. Sikujificha. Nilikuwa chooni kwa shughuli zangu. Na boksi sikuliunguza. Naandika ili angalau daftari hili lijue.

Ilikuwa hivi. Gari la mikate lilikuja halina nguvu, taa ya moshi inawaka kwenye dashibodi. Mkwe wangu — mume wa binti yangu, niliyemfundisha hata kushika bisibisi, leo wateja wanamwita Daktari — akachomeka mashine yake ya kupimia magari. Mashine ikasema boksi la moshi halijibu. Hilo ndilo linalopima moshi wa ekzosi na kuliambia boksi la injini. Mwaka juzi lilipoachia waya ndani, nililichomelea kwa risasi mimi. Basi Daktari akageuka mbele ya tajiri wa gereji na mama wa mikate, akasema kwa adabu kabisa: hapa baba alizidisha moto.

Kwa adabu. Angenitukana ningemsamehe.

Tajiri kaniondoa kwenye magari. Natunza funguo na kufungua geti. Mimi, niliyefufua injini ambazo wenyewe walishaziaga! Yule mkwe atanitambua.

Jumatano, 6 Machi

Boksi jipya limefungwa. Nalo halijibu.

Nikapita pale na funguo zangu, nikauliza: Daktari, na huyu naye kafa? Maana hii ni maiti ya pili, tukuchimbie na kaburi la tatu kabisa? Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Yeye akasema tu, subiri kidogo baba. Leo hata hakuniamkia. Nimeliweka moyoni.

Mama wa mikate kapandisha hasira. Anasambaza mikate kwa pikipiki ya kukodi, nusu inafika imebonyea. Kasema mwisho Ijumaa, la sivyo anaondoka na gari lake. Tajiri kajibu mbele yetu sote: nikimjua aliyeharibu, huyo atafute gereji nyingine.

Nilisikia raha kwenye magoti. Magoti yangu siku hizi hayasikii raha kirahisi.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari alikwenda kula mchana. Nikaingia chini ya gari na mita yangu ya mshale, inayomzidi yeye umri. Mashine inakutajia ugonjwa, lakini hailali chali kwenye oili kumtafuta mgonjwa. Mimi nalala.

Maboksi haya yanaongea kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, kama nywele zilizosukwa. Ondoa betri, pima kati ya hizo waya. Ikisoma omu sitini, wote wako mezani wanasikilizana. Nikapata mia na ishirini. Maana yake mmoja kaondoka mezani — njia imekatika mahali.

Nikafuata waya kwa vidole, macho nimefumba. Wakati wenzangu wanahitaji tochi! Nikafika kwenye plagi, juu ya ekzosi. Na hapo, kiungo cha Daktari, alichokitengeneza mwezi uliopita. Waya zimenyooka shubiri mbili nzima. Hazikusokotwa. Amezilaza ubavuni mwa waya mnene wa jenereta. Waya zikinyooka pale zinaokota kelele zote za injini, ni kama watu wanaonong'onezana kwenye mashine ya kusaga. Hilo ni kosa la siku ya kwanza kazini.

Sikugusa kitu. Nikaenda kumwita tajiri, hayupo. Nitamwonyesha kesho. Leo nimekula vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Tajiri akalala chini, akamulika, akaona. Daktari naye akaingia. Watatu chini ya gari moja, tumebanana kama watoto kwenye kitanda cha wageni.

Akasema: baba, mimi hizi nilizisokota.

Nikamwambia: basi zimejifumua zenyewe, mwanangu, labda zilisikia joto. Tajiri akacheka. Daktari akazishika zile waya, akazitazama muda mrefu.

Nikazisokota, nikafunga tepu. Tukawasha. Boksi likajibu, taa ikazimika. Mama wa mikate kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Muuza chai sasa anasema niligundua kwa kunusa. Hiyo nimeiacha ilivyo.

Daktari kaambiwa akabidhi mashine kesho asubuhi, aende.

Jumamosi, 9 Machi

Binti kapiga simu alfajiri. Hakulia. Afadhali angelia. Anasema mumewe tangu jana kakaa sebuleni na vipande viwili vya waya, anavisokota, anavifumua, anamuuliza: mama watoto, kweli naweza kusahau kitu kama hiki? Sasa ameanza kuamini kwamba alisahau. Anasema hatashika gari tena, mikono yake haiamini. Baba, wewe ndiye uliyemfundisha, mwambie kama mtu anaweza kusahau.

Nikasema nina haraka ya kufungua geti. Geti si kazi yangu tena.

Saa tatu sasa. Nimekalia kiti cha Daktari. Kupitia dirishani namwona anapanga spana kwenye sanduku, moja moja, kila moja anaifuta kwanza. Mimi ndiye niliyemzoesha hivyo. Hajatazama huku. Tajiri ananiita ofisini nitie sahihi kwamba mashine nimeipokea.

Ngoja kwanza niweke sawa ile ya Alhamisi. Mia na ishirini ni kweli. Kilichokatika kilikuwa pini moja ya plagi, imeliwa na kutu ya kijani. Niliisugua kwa msasa palepale, mshale ukarudi sitini. Kufumba macho pia ni kweli.

Anaita tena. Daktari kafunga sanduku.

Waya nilizikuta zimesokotwa. Vizuri, kuliko ninavyosokota mimi. Tepu niliifungua mimi.