Msichana Aliyetajwa kwa Jina

Mdogo wangu Tusa,

Bwana asifiwe, na pole na kuchuma kahawa. Tunduma baridi na vumbi. Jana sisi akina mama wa kanisa tuliwagawia wasafiri chai mpakani. Mwanaume mmoja akasema anampeleka mpwa wake kazini Zambia. Kwa kawaida yetu nikamwambia, "Baba, tuwaombee kwanza. Huyu binti anaitwa nani?" Akababaika, akapekua simu kutafuta jina la mpwa wake mwenyewe.

Msichana akaninong'oneza, "Mama, si mjomba. Nimemjua jana stendi."

Tukamshika binti mkono mpaka polisi, dawati la jinsia. Leo mama yake anamfuata kutoka Itaka.

Wasalimie wanangu. Nawe ukiomba, mtaje kwa jina: Atupele.

Dada yako, Subi