Blanketi la Maembe

Jumatano, 4 Juni

Mama watoto kala vijiko viwili vya uji, akageukia ukuta. Tangu atoke hospitali ni hivyo hivyo. Daktari alisema kidonda kimepona, kilichobaki ni kula. Binti yetu kapiga simu — Jumapili anakuja na gari. Kama mama yake bado hali, anamchukua akakae kwake. Nikamwambia mke wangu haendi popote. Akasema, "Baba, ubishi haushibishi mtu." Ulimi kaurithi kwa mama yake.

Nusu ya mtaa huu nimejenga mimi. Kumlisha mtu mmoja kutanishinda?

Alhamisi, 5 Juni

Nimemuuliza anatamani nini. Akasema labda blanketi. Ni chakula chake mwenyewe, watoto ndio walikipa jina. Maembe na sukari chini, unga wa siagi juu, vinaokwa pamoja, vinaliwa vya moto. Nikasema nitapika mimi.

Mshonaji, jirani yetu, kasikia dirishani. Anataka kutusaidia. Nikamwambia yeye ashone. "Haya fundi, nitakuja na tindo ya kukatia."

Hajui anaongea na nani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeoka. Maembe nimekata vipande sawasawa, hata rula isingeona kasoro. Unga nimeukanda mpaka jasho likanitoka, maana udongo usiokandwa hauna nguvu. Nikautandaza juu, nikaupiga lipu kwa mgongo wa kijiko, nikaziba pembe zote. Lipu yangu haijawahi kuvuja.

Kumbe maembe yakichemka yanataka pa kupumulia. Pu! Kifuniko kimepasuka, maji ya embe yamemwagika ovenini, moshi nyumba nzima. Kilichobaki juu ni kigae. Mama watoto kaonja ukingo. Kautoa mdomoni, kauweka kwenye sahani taratibu. Kasema ungefaa kuezekea choo.

Lakini alisema hivyo ameketi. Jana hakuketi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimenunua siagi nyingine. Mshonaji kauliza ule moshi ulikuwa wa nini. Majaribio, nimemwambia.

Jioni mama watoto kausogeza uji pembeni.

Jumapili, 8 Juni

Nimeanza kukanda mapema. Sauti ikatoka chumbani: "Huo unga umekukosea nini?" Nikasema najua kazi yangu. Akasema haukandwi, unafikichwa na siagi baridi mpaka uwe kama mchanga. Nikamjibu mchanga hausimami bila saruji.

Kisha nasikia kandambili. Kaja mwenyewe, ameshika ukuta. Nikataka kumsaidia, akausukuma mkono wangu. Kakalia stuli, kavuta bakuli. Unga kauangusha juu ya maembe mafungu mafungu, mianya kila mahali — kazi ya mtu anayewahi basi. Nikanyoosha kijiko nisawazishe. Kaninyang'anya. Kilikuwa na maji ya embe, akakilamba. Akachota maembe yaliyobaki sufuriani. Akachota tena. Mimi nikajifanya naangalia moto.

Sasa gari limefika. Binti ana begi la kutilia nguo za mama yake. Anasema twende kabla jua halijawa kali. Mama yake hata hakugeuka. "Keti, mwanangu. Kuna kitu ovenini."

Hajaketi. Yuko mlangoni na begi lake. Mimi naandika hapa mezani ili nisiongee. Harufu imeanza kutoka. Anauliza nani kapika.

Tumejibu kwa pamoja, kila mtu: mimi.